Ufagio Ndani ya Kaseti

Nguba, tarehe 14 Juni 1979

Dada Nsimire,

Barua yako ya Liège imefika. Unasema ukifunga macho na kusikiliza kaseti, uko huku nyumbani. Mupango wa kaseti ile ni wangu: kila pahali dakika kumi na tano, kwanza ziwa, kisha parokia, kisha wale mamans wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, mwisho kiwanja chetu. Radio ya kuchukulia sauti nilijinunulia, hakuna aliyenisaidia, hata wewe.

Lakini umeandika: «Nimesikia maman anafagia. Asante Mungu, amepona.»

Kumbe telegramu haikukufikia! Na mimi nilikasirikia kimya chako, nikatuma kaseti bila neno. Dada, maman alikufa wiki ya Pasaka. Sauti zile nilizichukua tukiwa bado kilioni, na unajua kwetu wakati wa kilio hakuna anayegusa ufagio.

Nimesikiliza kopi yangu. Anafagia kweli, polepole, mupaka kwenye mulango. Georgette, bibi niliyemuoa, akanililia: «Zima, papa, zima!»

Unakumbuka maman alikuwa anafagia hivyo akingojea mugeni. Sisi wengine wote tuko hapa. Kuja.

Kaka yako anayekungoja pamoja naye,
Mushagalusa