Sauti ya Delhi Inayotoka Uchochoro wa Pili

Mshauri wetu mpendwa, nakuamkia kwa heshima. Nakusoma kila Jumapili tangu mwanangu yuko shule ya msingi na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, lakini naomba uninasue, maana nimejua jambo ambalo halikunihusu, na nimelijua kwa kimbelembele changu mwenyewe.

Mimi ni mke wa mtu hapa Kolhapur, natengeneza masala yetu mekundu ya kitunguu, saumu na pilipili, na mwaka huu mwanangu Aniket aliyeko Pune alinifungulia tovuti ili watu wa mbali waagize, basi hata jua halijazama tangu aisajili, simu zikaanza. "Namaskar madam, nazungumza kutoka makao makuu ya mtandao, Delhi. Tovuti yenu iko ukurasa wa mwisho, hakuna anayeiona, na jioni hii inafutwa." Huyu anasema kibali kimekwisha, yule anasema kuna mtu anataka kuniibia jina, mwingine ananiuliza kama nataka kuwa wa kwanza India nzima. Mume wangu Bhalchandra akawa anacheka tu, "Masala yako hata hayajakauka darini, Delhi nzima imeshapiga chafya!" Wengi niliwakatia. Ila kulikuwa na binti mmoja anayejiita Naina, sauti yake ya upole, ukimfokea anakuambia, "Pole madam, nimekuchosha," nami nikashindwa kumkatia, nikawa namsikiliza nione anaelekea wapi, na kila mara alielekea palepale: "Kuna namba itaingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee."

Sasa asubuhi moja Naina yuko katikati ya maneno yake, nikasikia ndani ya simu wimbo wa gari la taka la manispaa, ule wa Kimarathi wa kuwahimiza watu watoe ndoo zao, ukapita, ukafifia, na mimi kabla sijaitua sufuria gari lenyewe likakata kona likaingia uchochoro wetu likiimba wimbo uleule. Nikamwuliza, "Naina mwanangu, huko Delhi nako magari ya taka yanaimba Kimarathi?" Akakata.

Mshauri, mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi udadisi ulinishika kama kiu, nikajaza kikapu pakiti za masala, nikapanda uchochoro wa pili ambako gari la taka huanzia, nikabisha mlango baada ya mlango nikijifanya muuzaji, mpaka nikafika juu ya duka la vipuri vya skuta, nikakuta mlango usio na kibao, na nje sandali za kike zimepangwa safu kama za hekaluni. Nikaingia. "Wanangu, mchana mnakula nini na hiyo mikate yenu mikavu?" Mabinti wakaangua kicheko, bwana mmoja mwenye mkufu wa dhahabu akanifokea, "Mama, toka! Hii ni ofisi!" Lakini macho hayana pazia, nilishaona meza, simu, na karatasi zimebandikwa ukutani zenye maneno ya kusema mtu akikataa, akikasirika, akilia. Na binti mmoja dirishani alikuwa amenipa mgongo, anasema, "Pole madam, nimekuchosha." Akageuka. Alikuwa Ketaki.

Ketaki ni mtoto wa Mandakini, na Mandakini ndiye mwenzangu wa kusaga pilipili miaka yote hii, tunakohoa pamoja, tunalia pamoja kwa lile vumbi lake, nilipofiwa na mama yangu yeye ndiye aliyenilisha kwa mkono wake. Kila anayekutana naye anamwambia, "Binti yangu yuko ofisi ya kompyuta, anazungumza na matajiri tu."

Ketaki akanifuata mbio ngazini. "Mama mdogo, usimwambie mama, nakushika miguu."

"Ulijua ni mimi unayenipigia?"

"Sikujua. Mashine ndiyo inapiga. Kwenye orodha umeandikwa mwenye tovuti, basi. Siku ile uliposema habari ya gari la taka ndipo nikaijua sauti yako, nusura nizimie."

"Na hiyo namba mnayotaka watu wawasomee?"

Akatazama chini. "Ukiisoma, jina la tovuti linahamia kwao. Mwanzoni nilidhani nauza matangazo, mama mdogo. Kweli tena."

"Sasa umeshajua. Mbona bado umo?"

"Vyeti vyangu vya shule anavyo bwana Tushar, yule wa mkufu, vile halisi. Alivichukua siku ya kuajiriwa, amevifungia kabatini. Anasema atakayeondoka atavisikia harufu tu vikiungua."

Ningemwambia mama yake siku hiyohiyo, sikumwambia. Tena, aibu yangu nyingine hii hapa: bado napokea simu zake. Bwana Tushar anapitapita nyuma yao akiwasikiliza, kwa hiyo Ketaki anasema maneno ya karatasi na kuchomeka yake katikati, "Madam, tovuti yenu iko hatarini sana, mwambie mama leo nachelewa, hatari kubwa madam," nami najibu, "Hatari hiyo kala mchana?" Nakiri naona utamu, ni kama kuchungulia nyumba ya watu. Namwuliza nani kamtukana leo, nani kalia, nani kakubali, na anapotaja aliyekubali natamani nisingeuliza.

Maana mmoja wa waliokubali ni bwana Ghorpade, fundi cherehani wa hapa sokoni, anayeshona nguo za maharusi. Aliisoma namba. Sasa anayefungua tovuti yake anakutana na michezo ya kamari na wasichana wanaokonyeza, na familia moja ya bibi harusi imeshampokonya kazi. Kila nikipita ananiita tai, yaani dada kwa Kimarathi, ananiuliza, "Sulabha tai, wewe unayeongea na kila mtu, hujasikia watu hawa wako wapi?" Nami namjibu, "Watakuwa Delhi."

Mshauri, nikisema, binti wa rafiki yangu anaingia mikononi mwa polisi. Nikinyamaza, fundi anazama mbele ya macho yangu. Na niongeze hili linaloninyima raha: namba yangu waliipataje, wakati hata dada zangu walikuwa bado hawajaijua hiyo tovuti?

Sulabha I., Kolhapur

JIBU

Sulabha tai, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ni jepesi. Mwanao alipolisajili jina aliandika namba yako mahali pa wazi, na kuna watu kazi yao ni kuokota majina mapya na kuyauza. Mwambie Aniket aifiche leo, na akikuambia ana kazi nyingi mwambie nimesema mimi.

Sasa tukae vizuri. Wewe si mtu mbaya. Umefika kwa kikapu cha masala mahali ambapo wengine hawajafika kwa magari na virungu. Lakini umefika, ukaona, halafu ukavuta kiti ukakaa kutazama! Unamwuliza binti wa watu nani kalia leo? Huyo aliyelia ana mlango wake, ana watoto wake, na pengine ni Ghorpade. Uliposema "watakuwa Delhi" ulimsomea karatasi ya Tushar, ila yako haikubandikwa ukutani.

Kwa hiyo nenda kwa fundi kwanza. Usingoje upate maneno mazuri, hayapo. Mwambie unajua walipo na tangu lini, umwache akasirike, ana haki yake. Kisha mwende pamoja kwa polisi wa makosa ya mtandao, na aiandikie kampuni aliyosajilia jina, aeleze alivyolaghaiwa. Jina lililoibwa huweza kurudi, ila kadiri mnavyochelewa ndivyo linavyouzwa mbali zaidi.

Ketaki naye aende, na aende kwa miguu yake kabla hajafuatwa. Anayekuja kusema huulizwa maswali. Anayekutwa dirishani na simu sikioni hukamatwa. Atafute wakili wa msaada wa kisheria amsindikize. Kuhusu vyeti: mwajiri hana ruhusa ya kumfungia mtu vyeti, na hata vikiungua, bodi ya mitihani hutoa nakala nyingine. Binti amefungwa kwa kamba ambayo haipo. Mwambie hivyo, leo, uso kwa uso.

Na Mandakini aambiwe na mwanawe, si na wewe. Kazi yako ni kukaa pembeni yake na kufunga mdomo, jambo ambalo naona litakuwa gumu kuliko yote.

Nanyi wengine mnaosoma: hakuna ofisi ya kweli itakayokupigia simu ikuombe umsomee mtu namba ya siri. Awe mpole, awe na sauti ya asali. Kata.

Jibu hili, isipokuwa hayo ya mwisho niliyowaambia ninyi wasomaji, nilimtumia Sulabha kwa posta, sikulichapisha, kwa sababu Tushar naye huenda anasoma magazeti. Nalitoa leo kwa ridhaa yao wote, majina yakiwa yamebadilishwa, pamoja na barua yake ya pili.

Mshauri, nilifanya ulivyosema, ingawa kwa Ghorpade nilizunguka duka lake kwanza kama paka anayeogopa maji. Alinisikiliza, akaweka mkasi chini, akasema, "Tai, nilikuuliza kila siku." Ningeona afadhali angenitukana. Polisi walipofika juu ya duka la vipuri mlango ulikuwa umefungwa, lakini Ketaki, aliyekuwa ameshaandikisha maelezo yake na wakili yupo, alijua bwana yule anakunywa chai wapi, wakamkuta na kisahani chake cha chai mkononi. Lile kabati la vyeti alikuwa amelihamishia kwa kaka yake. Mabinti wote wamepata vyeti vyao. Ketaki bado anaitwa kutoa ushahidi, wakili anasema hatashitakiwa, tunasubiri. Jina la tovuti ya fundi bado linagombewa; kwa sasa amesajili jingine. Blauzi aliyonishonea inabana kwapani, sijui ni makusudi.

Mandakini aliposikia alichukua ndoo akaenda zake, na pilipili za wiki ile nilizigeuza peke yangu. Juzi akaja, Ketaki nyuma yake. Akaketi darini, akaanza kuzigeuza pilipili, akasema, "Hebu niambie kama ulivyokuwa ukiwaambia wao."

"Mama, basi."

"Niambie."

Ketaki akaanza kwa sauti ile ya upole, namaskar madam, makao makuu, ukurasa wa mwisho, akaendelea huku machozi yanamtoka mpaka akafika, "Kuna namba imeingia kwenye simu yako, nisomee."

Mandakini hakuinua macho.

"Ningekusomea," akasema.