Mzigo wa Kwenda Kamsamba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepalilia kahawa mpaka mvua iliponirudisha. Kwenye kikombe cha pili cha chai ndipo nikagundua sikutia sukari. Sikuongeza.

Ezekia amezunguka juu ya kijiji leo. Watu wote wakatoka nje kushangaa. Mimi sikutoka, najua ni mwanangu. Ndege ya viti viwili, mabomba ya aluminiamu na kitambaa. Kaijenga mwenyewe kwenye banda letu la kahawa. Alikaa Zambia miaka kwa mtu mwenye ndege za kunyunyizia dawa mashambani, akajifunza kuzitengeneza, akajifunza na kuzirusha. Vibali anavyo vyote. Nani mwingine Igamba nzima, nasema Mbozi nzima, kazaa mtoto wa namna hiyo? Namwambia kila mtu. Nimemwambia hata mzee wa kanisa ambaye huwa hanisalimii.

Kuringa bado naweza. Kufurahi ndiko hakuji.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu Sekela kapiga simu kutoka Kamsamba. Tumbo limeshuka. Wamemwambia atajifungua mwisho wa mwezi. Mto Momba umejaa, barabara imekatika, magari yanageuza.

Mwaka jana ilikuwa hivihivi. Nilifika kwa binti yangu wamekwisha kumzika mtoto wake mchanga. Aliniambia, "Mama, umechelewa." Basi. Tangu siku hiyo ndani yangu pana ganzi. Si huzuni. Huzuni naijua, nimezika mume.

Ezekia kasema safari hii ataniwahisha kwa ndege. Nikamwambia sawa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoa vitu vya mzazi. Unga wa ulezi. Maharage. Karanga za kusaga. Vitenge, vile vizuri nilivyochagua mwenyewe Tunduma, upande wa Zambia. Jogoo.

Ezekia kaja, kasimama, kaangalia rundo, kacheka.

"Mama, hii ni ndege, si fuso."

Kanipeleka bandani kunionyesha. Nyuma ya viti kuna kijisehemu kidogo, kina wavu na mikanda. Mzigo unakaa pale tu, unafungwa, hautikisiki. Ukisogea nyuma, mkia unalemea. Kanikumbusha baiskeli ya baba yake, ukifunga gunia la kahawa nyuma kabisa, kwenye mlima gurudumu la mbele linanyanyuka lenyewe. Hilo nimelielewa. Nimewahi kuanguka nalo.

Halafu kasema nipande mizani ya kahawa, ajue uzito wangu. Nikakataa. Mimi gunia? Mbele ya vijana wa chama cha ushirika? Kakadiria kwa macho. Baada ya hesabu zake kasema, mama ukikaa wewe na mafuta, kinachobaki ni kifuko kimoja kidogo. Jogoo hapana. Vingine vitafuata barabara ikikauka.

Vitafuata! Kwetu mama wa binti haingii kwa wakwe halafu mzigo ukamfuata. Anaingia nao. Mwanangu ana akili nyingi lakini haya ni ya wanawake.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada wanawake wamenizunguka. Kila mmoja ana ndugu Kamsamba, kila mmoja ana kifurushi. Nikawaambia ndege imejaa. Mama Rehema, jirani yangu, kasema kwa sauti, "Jamani, mwacheni. Siku hizi Mama Eze anapitia juu, sisi wa matope hatuoni." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kitu hicho ningekitafuna wiki nzima zamani. Leo kimepita tu.

Jumanne, 11 Machi

Kesho alfajiri tunaondoka kama ukungu haupo.

Nimewaza jambo. Miaka ile nauza vitenge nilikuwa navuka Tunduma nikiwa nimejifunga doti sita chini ya gauni. Wazambia walikuwa wananiita bamayo, yaani mama, mnene. Hakuna afisa aliyewahi kunishika. Mzigo ukiwa mwilini si mzigo, ni wewe.

Nimeshona vifuko vya unga wa ulezi, vyembamba, vya kufunga kiunoni.

Jumatano, 12 Machi

Hatukufika.

Naandika kwa sababu usingizi hamna. Mkono wa kushoto umevimba. Ezekia kashonwa kwenye paji la uso. Tu wazima.

Nilivaa usiku, nikatoka nimekwisha vaa koti. Ezekia kaniona nimenona, kadhani ni baridi. Kakagua kifuko cha nyuma, kakivuta, kakaza mikanda. Kanifunga na mimi. Tukaanza kukimbia uwanjani. Nyasi zikawa zinapita haraka, mwisho wa uwanja ukaja, na ndege iko chini bado. Usukani wa ndege hii ni fimbo, ipo kwake na ipo kwangu, katikati ya magoti, zinakwenda pamoja. Ili inyanyuke anaivuta kwake. Alipovuta ya kwake, ya kwangu ikaja ikagota kwenye tumbo langu. Tumbo la unga. Kavuta tena. Ikagota tena.

"Mama, rudisha tumbo!"

Tumbo lile halirudi.

Kazima injini. Tukaingia kwenye mahindi ya watu.

Sikuogopa. Nataka niliandike hili vizuri. Mahindi yalikuwa yanapiga kioo na mimi nilikuwa natazama tu, kama natazama mvua.

Zahanati muuguzi akaanza kunivua aone kama nimevunjika. Kitenge cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. "Mama Eze, wewe ni duka?" Akafika kwenye vifuko. Kimoja kilipasuka, unga ukamwagika sakafuni. Wagonjwa wa kwenye benchi walikuwa wanacheka mpaka wanajishika mbavu.

Ezekia alikuwa kitanda cha pili, damu inamtoka. Hakucheka. Aliangalia ule unga muda mrefu. Halafu akageukia ukutani.

Ijumaa, 14 Machi

Hajaniambia neno baya. Bora angesema.

Panga la mbele, lile linalozunguka, limevunjika, gurudumu limepinda. Kijijini wanasema ndege ya Ezekia ni bati, haifai, ilitaka kumuua mama yake. Mama Rehema kaja na uji, kakaa, kaniuliza, "Kwa hiyo ilikataa yenyewe?" Nikamwambia haikukataa. Nilikuwa nimevaa ghala. Nikamwonyesha na vifuko. Akakipima kimoja mkononi, akasema, "Hata mimi ningefanya hivyo." Na najua angefanya.

Nimemwomba aende akawaambie kisimani. Kwa kutangaza yeye ndiye redio.

Jumanne, 18 Machi

Sekela kapiga. Kauliza nakuja lini. Nikamwambia karibuni. Kauliza na kaka yake anaendeleaje. Nikasema mzima. Simu ilipokatika nilibaki nimeishika sikioni.

Maji ya Momba hayajashuka.

Ijumaa, 21 Machi

Mkaguzi wa ndege kafika kutoka Mbeya. Mtu mpole, viatu vyake vikaharibika kwa tope. Kazunguka ndege, kapiga picha. Ezekia alikuwa na panga la akiba, alilichonga tangu mwaka jana. Gurudumu amenyooshewa Tunduma.

Mkaguzi kauliza kosa la nani. Nikafungua mdomo. Ezekia kaniwahi.

"La rubani. Anachopanda nacho abiria ni juu yangu. Nilikagua nyuma ya kiti, sikumkagua mama."

"Ungemkaguaje?" mkaguzi kauliza, na wakacheka wote wawili kidogo.

Nikasema nilichofunga, kimoja kimoja, na wapi nilikifunga. Kaandika. Kaniuliza kama nitapanda tena. Nikamwambia binti yangu anajifungua. Kasema basi, safari hii upimwe mama, na mapajani pasiwe na kitu. Kesho kutwa Ezekia airushe peke yake kwanza, yeye aone.

Jumapili, 23 Machi

Imeruka vizuri. Mkaguzi kasaini, kaondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepanda mizani ya kahawa. Mchana, vijana wote wa chama wapo. Karani kasoma kwa sauti kama anasoma gunia la daraja la kwanza. Kijana mmoja kasema, "Kahawa kavu hiyo, mama, haina takataka." Nikamjibu nimeoshwa na kuanikwa. Wakacheka.

Ezekia kaandika hesabu mkononi kwa kalamu. Kafuta. Kaandika tena. Kasema mvua imeloanisha uwanja, nyasi nzito, anataka ndege nyepesi kuliko mwanzo. Kifuko nacho hapana. Hakuna kitu.

"Hata kitenge kimoja?"

"Ulichovaa."

Sijawahi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Tangu nizaliwe. Mama yangu hajawahi. Niliposema sawa, Ezekia kaniangalia kama hajanisikia.

Jumatano, 26 Machi

Kamsamba. Joto.

Asubuhi kabla ya kupanda Ezekia kasimama mbele yangu, kaona aibu. Nikainua mikono mwenyewe. Kanipapasa kiunoni, mgongoni, kama afisa wa mpakani. Kaomba radhi. Kavuta fimbo yangu mpaka mwisho, ikaja bila kugusa chochote. Kairudisha. Kavuta tena.

Tukanyanyuka uwanja ukiwa bado umebaki mwingi.

Tukawa juu. Nyumba yangu niliiona, ndogo. Baadaye Momba, maji mekundu yamelala kwenye mpunga, barabara inaingia majini haitoki. Ezekia alikuwa anaongea na mimi kwenye vile vidude vya kuvaa masikioni, ananionyesha. Nilikuwa naitikia. Mikono nilikuwa nimeikunja tu, sijui pa kuiweka.

Tumetua kwenye uwanja wa shule, pamenyanyuka, maji hayafiki. Mama mkwe wa Sekela kaja kunipokea na wanawake wenzake. Wakapiga vigelegele. Kaangalia mikono yangu. Kachungulia nyuma ya ndege.

"Mzigo uko wapi, mkwe?"

"Mzigo ni mimi."

Kanipima kwa macho juu mpaka chini. "Basi ni mwingi," kasema, kanishika mkono tukaondoka.

Sekela alikuwa amekaa kwenye mkeka. Kajaribu kusimama, kashindwa. Nimekaa naye.

Ijumaa, 28 Machi

Uchungu ulianza jana jioni. Nilikuwepo. Nilimshika mgongo mpaka wauguzi wa kituo wakaniambia mama sogea. Sikusogea sana.

Msichana. Kalia kwa sauti.

Wenzangu walikuwa wanalia, mama mkwe anacheza. Mimi niliosha beseni. Nikaliosha tena.

Jumapili, 30 Machi

Ezekia karudi Igamba jana kabla ya upepo. Kasema atakuja na unga kwenye kiti changu, ataufunga mkanda kama abiria.

Sekela kalala. Mama mkwe kaenda kanisani, kaniachia nyumba. Joto la huku halina adabu. Mtoto nimemlaza mapajani, nimempepea na mfuniko wa sufuria.

Kanikojolea. Mkojo wa moto, nimeusikia mpaka gotini. Kitenge ni hiki kimoja. Sijainuka.