Nani Aliamka wa Kwanza

Chamgei, Chebet. Huku Kericho hatujambo. Mvua imerudi, chai inachipuka, na ng'ombe wa mama yako amezaa ndama jike.

Unauliza utafanyaje ili wanafunzi wako wapya huko Kitale waache kukaa kikabila, maana unaogopa muhula utaisha wakiwa hivyo. Nikiwa darasa la sita, sisi Wakipsigis tulikaa dirishani, watoto wa wenye maduka mbele, na watoto wa wachuma chai wa kambini nyuma, kila kundi na kabila lake. Mwalimu mpya alitaka kila mmoja ataje jina na kwao. Haikusaidia. Hayo tuliyajua, na ndiyo yaliyotutenganisha.

Kesho yake akasema, "Pangeni laini. Aliyeamka mapema zaidi leo asimame mbele."

Nilikimbilia mbele, kwa kuwa nilikuwa nimekamua ng'ombe saa kumi na moja. Wanjiru, binti wa mwenye duka, akanivuta sweta.

"Wewe, rudi nyuma! Saa kumi na nusu nilikuwa nakaanga mandazi."

Ikabidi kila mtu amuulize mwenzake. Tulibishana, tukasukumana, tukacheka.

Kisha Nyaboke wa kambini, tuliyemwita Usingizi kwa sababu alisinzia darasani, akatupita sote.

"Saa tisa," akasema.

Wanjiru akampisha.

Mimi nikauliza, "Saa tisa unafanya nini?"

Tulikuwa tumesoma pamoja miaka mitano, Chebet, na hilo lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

Ni mimi bibi yako, Kogo