Neno la Leo: Mvumo

Kakuma, Jumanne

Katika riwaya tunayosoma darasani, wasafiri walilala ndani ya mto mkavu, kama laga yetu. Nikaandika neno jipya ubaoni: mvumo. Nani analijua?

Akiru, binti wa wafugaji wa Nakalale, alitoka kwenye dawati. Alilala chini, akatega sikio sakafuni. Darasa zima likamwiga.

"Mwalimu, mvumo ni huu," Akiru akasema. " Usivuke laga leo."

Wingu halikuwepo hata moja. Nilikasirika, sipendi kuchezewa. Lakini baada ya masomo aliung'ang'ania mkoba wangu mpaka nikakaa. Saa ileile ninayovuka kwenda nyumbani, maji ya mvua ya mbali yalipita lagani yamebeba mbuzi na miti mizima.

Nalala shuleni. Neno la kesho lilikuwa jeneza. Nimelifuta.