Usije Kumchukua Namsifu

Mdogo wangu Nakiete,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua karatasi. Mama miguu inaendeleaje? Tangawizi mmeshang'oa? Sisi huku Same joto tu na vumbi, ila wazima, na mwanao anakula makande mpaka nasahau kujipakulia.

Sasa. Nimesikia Jumamosi unashuka kumchukua Namsifu, eti darasani anajitikisa na kusokota katani kutwa, hajifunzi kitu. Umbea huo kakuletea nani? Ni mimi mwenyewe! Nilimwambia jirani yenu mama Eli kwenye simu, yeye akakufikishia. Ndio maana leo naandika. Kwenye simu utanikatiza, karatasi huwezi.

Nikwambie nilivyokosea. Juzi asubuhi nilimnyang'anya ile katani, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikasema leo atasoma kama wenzake. Weee, mtoto kufika darasani alilia, akajiuma mkono, akapindua dawati. Mwalimu wake, yule wa darasa la watoto wenye usonji, akatuma niitwe. Hakunigombeza. Kanipa ungo wa maharage ya shule nichambue, nikae dawati la nyuma na mpishi, nitazame tu, nisiongee.

Mimi nisiongee! Muda si muda nimeshamuuliza mpishi habari za mumewe, nikaingia bei ya nyanya, nikaingia harusi ya juzi. Mwalimu akaja taratibu, akatazama ungo.

"Mama mkubwa, mdomo wako haujatulia hata kidogo, na maharage umechambua yote. Namsifu yeye ni mikono ndiyo haitulii. Mbona yeye tunamfunga?"

Mpishi akacheka mpaka akatoka nje.

Katani nikaitoa kwenye kanga, Namsifu akarudishiwa. Mkono wa kushoto unasokota, wa kulia unaandika, nimeona kwa macho yangu. Mstari mmoja ukiisha anasimama pale mlangoni, anajitikisa, mwalimu anahesabu naye mpaka kumi, anarudi kukaa. Akitaka kujiuma ndipo anazuiwa, anapewa kitambaa aminye. Kaandika A mstari mzima. Zimelala lala, ila ni A.

Kwa hiyo Jumamosi usije. Njoo Jumatatu, ukae na mimi dawati la nyuma, tuone nani ataanza kuongea. Begi la kubebea nguo zake liache huko huko. Lete katani, ndefu, iliyochanwa ikalainika, hii imebaki kipande. Ukija na begi mimi simtoi, hata ukija na Mama.

Mama mwambie shikamoo yangu, na shemeji, baba Namsifu, asiuze mbuzi kwa nauli ya kumrudisha mtoto. Mama Eli msalimie sana, na hili nalo alitangaze.

Ni mimi dada yako Mkunde, nisiyenyamaza.