Mpagazi Hafungui Mzigo

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ule mlio. Tangu jana alasiri haujanitoka masikioni. Kama jora la marekani linachanwa dukani, ila mchanaji hafiki mwisho wa kitambaa. Pangaboi nane kwa mpigo! Kuku wa nusu ya mtaa wa Kanyenye waliingia uvunguni. Mtoto wa jirani alilia mpaka akatapika. Na Baba amesimama katikati ya vumbi, mikono juu, anacheka.

Liliinuka, gari lake la kuruka. Hilo siwezi kulikana. Limefungwa kamba nne kwenye vigingi, limepakiwa magunia ya mchele badala ya mtu, likainuka shubiri tatu kutoka ardhini. Dakika tatu na nusu. Kisha likashuka — hapana, halikushuka. Lilianguka. Gunia moja likapasuka, mchele ukamwagika wote.

"Umeona, mhandisi?" Baba akaniuliza. "Limeruka!"

Mimi niliona gunia.

Anasema Jumamosi ya wiki ijayo atapanda mwenyewe. Bila kamba.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko kwenye maonyesho. Baba hakwenda. Yuko uani anachomelea kiti.

Kila asubuhi swali ni lile lile. Tangu yeye ni mdogo aliambiwa magari yataruka. Simu za mkononi hakuna aliyemwahidi, zimekuja. Magari aliahidiwa — yako wapi?

Leo nilimjibu kwa lugha yake. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, Unyanyembe mpaka Bagamoyo, pembe begani. Nikamuuliza, Baba, yule mzee alibeba chakula cha safari nzima? Akacheka. "Angebeba pembe saa ngapi? Posho ilipatikana njiani, Ugogo huko, kambi kwa kambi."

Basi, nikamwambia. Hewani hakuna kambi. Gari la kawaida ardhi inalisaidia kubeba. Lako linajibeba lenyewe kila sekunde, hata likiwa limetulia pale pale juu. Betri ndiyo posho yake. Ukiongeza posho umeongeza mzigo. Ukiongeza mzigo unahitaji posho zaidi. Mpagazi anabeba chakula cha kumpa nguvu ya kubeba chakula — mwisho anadondoka na pembe hazijafika popote.

Akaacha kuchomelea. Nikadhani nimempata. Nikaendelea, nikaharakisha kama mtu anayezima moto. Gari likizimika unalisukuma kando, unafungua boneti, unamtukana fundi. Hili likizimika halina kando. Na kelele: yakiwa hamsini juu ya mabati yetu, nani atasikia adhana? Na upepo wa Agosti. Na yatue wapi, kwenye uwanja wa nani? Wenye karakana kubwa duniani wanayo, Baba. Yanaruka, yanapigwa picha, yanarudishwa bandani. Kuyarusha si shida. Shida ni kumpa mtu yeyote, siku yoyote, aende nalo sokoni, halafu arudi mzima.

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mimi sitaki ya kila siku, Najiat," akasema. "Mimi nataka siku moja."

Jumapili, 11 Agosti

Niandike kuhusu macho, maana hakuna mtu humu ndani anayeyataja.

Miaka thelathini na moja ya kuchomelea, na miwani ya jua ya kununua barabarani. Kinyago alisema kinamtia joto. Mwezi wa nne daktari alimwambia kilichobaki ni kidogo na kinaendelea kupungua. Anamimina chai nje ya kikombe. Shangazi Mwamvita, dada yake, siku hizi anakaa naye mezani na kitambaa mkononi, anafuta kabla chai haijafika ukingoni. Bila neno. Kama mtu anayepunga nzi.

Nilimfuata Shangazi jikoni. Nikamwomba aseme naye, yeye ni mkubwa wake. Akaendelea kuchambua mchicha.

"Ungekuwa na kaka wa tumbo moja ningemwambia yeye, lakini upo wewe," akasema. "Mwache baba yako auone mji wake kutoka juu, mara moja, kabla haujamfungia mlango. Ukimzuia, utampa nini badala yake?"

Nikachukua kisu, nikaanza kumkatia mchicha.

Na ukutani mle karakanani upo ule mchoro. Wangu. Kidato cha tatu, penseli, rula, feni nane kwenye duara. Chini yake, mwandiko wangu: INAWEZEKANA. Nimepiga mistari miwili! Baba aliuwekea fremu na kioo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilisahau kitu kimoja tu. Uzito wa betri.

Nikaenda Dar kusoma uhandisi kwa miaka minne ili nijue kosa langu liko wapi. Nimerudi sina kazi, nimelijua, na yeye ameshalijenga.

Jumatatu, 12 Agosti

Ofisi ya uwanja wa ndege. Niliwaambia yote, nikaomba waje wamkataze. Afisa ni kijana mpole, alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, fomu ya kitu kama hicho hatuna. Namba yake ya usajili?"

Hakina namba.

"Basi kwetu hicho kitu hakipo."

Akaniandikia namba ya mtu wa Dar. Haipokelewi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimefanya ujinga. Niliuona ni werevu mpaka saa kumi jioni.

Mtoto hawezi kumkataza mzazi. Mtani anaweza. Anasema lolote, anachukua chochote, na mwenye mali hana ruhusa ya kukasirika. Basi nikaenda kwa Mzee Fikiri, muuza nyama, Mzaramo, mtani wa Baba tangu sijazaliwa. Nikamwambia, babu, shikamoo, njoo uchukue kile kiti. Bila kiti hapandi. Akaapa atakuja.

Akaja! Kajifunga shuka jeupe kichwani, kajipaka majivu, analia toka barabarani. "Jamani, Mnyamwezi amekufa! Amejipika mwenyewe kwenye chuma! Nani atanilipa nyama yangu?" Watu wakatoka majumbani. Akajilaza chini ya gari, akajipima kaburi kwa shubiri, akamwambia Baba ni mfupi, kaburi lake litatosha kwenye sufuria. Kisha akafungua kiti, akajitwika.

"Wanyamwezi nyinyi kazi yenu kubeba," akasema. "Nani kawatuma kuruka? Kiti naenda kukalia kwangu!"

Baba alicheka mpaka machozi. Mimi pia, kidogo, nikiamini kwamba imekwisha.

Kisha Baba akaingia bandani, akatoka na jogoo. Yule mwekundu. Akamkabidhi mtani kwa mikono miwili — kikombozi. Na Mzee Fikiri, ambaye aliniapia, akashusha kiti. Kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Mtani akikombolewa anaachia. Nilisahau nusu ya desturi, kama nilivyosahau betri.

Alipita karibu yangu na jogoo kwapani, hakuniangalia machoni. "Mjukuu wangu, nilifanya nilichoweza."

Matokeo: jana walijua watu wa mtaa. Leo anajua kila aliyecheka. Wote wanakuja Jumamosi.

Alhamisi, 15 Agosti

Betri zimejaa. Sita, kila moja kilo kumi na tano. Baba alizipanga kwenye sanduku la mbao chini ya kiti, akafunga mfuniko kwa kamba ya katani, fundo la wapagazi, lile alilonifundisha nikiwa na miaka saba kwa kufungia kuni. Sasa hivi analifunga kwa kupapasa. Vidole vinajua.

"Hapa hapaguswi mpaka Jumamosi," akasema. "Mpagazi hafungui mzigo. Umefungwa Unyanyembe, unafunguliwa Bagamoyo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufungua."

Hilo ndilo jambo analojivunia kuliko nyumba hii.

Nimepiga hesabu tena. Baba ana kilo themanini na mbili. Dakika ya kwanza atapanda. Ya pili atakuwa juu ya mabati, ataona labda msikiti, labda reli inavyoelekea Kigwa, labda weupe tu. Ya tatu nguvu inapungua na yeye haioni taa ya onyo.

Ya nne sijaipigia hesabu.

Ijumaa, 16 Agosti

Baba yuko msikitini. Shangazi yuko kwa jirani. Nyumba kimya.

Mikono inanuka katani. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa kumi kasoro. Naandika chumbani, mlango nimeufunga. Nje watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Namsikia Mzee Fikiri anawauzia watu nafasi za mazishi. Baba ametawadha, amevaa kanzu ya Idi.

Nilifanya jana, wakati wa hutuba. Nilifungua fundo. Nilitoa betri moja moja, nikazifunga kwenye magunia. Mahali pake nikaweka matofali, nimeyapima kwa mizani ya karakana, kilo kumi na tano, mara sita, ili akilisukuma gari asihisi kitu. Nikalifunga fundo upya. Ni lile lile. Alinifundisha vizuri.

Betri amezichukua Reveriani, dereva wa lori kutoka Ulyankulu, anayekwenda kupakia mchele Igunga. "Dada, wakiniuliza ni za nani?" Nikamwambia aseme ni za Najiat binti Sabiri. Angalau kwake nisijifiche. Ameondoka alfajiri. Sasa hivi ameshapita Nzega zamani.

Baba amekaa kwenye kiti. Watu wamenyamaza.

Nasikia anabonyeza swichi. Tena. Tena. Hakuna mlio. Nimeusubiri mlio ule kwa woga wiki mbili, na ukimya huu ni mbaya zaidi.

Mtu amecheka. Mwingine kamnyamazisha.

Nilijiandaa kwa hasira yake. Nilipanga maneno. Nilidhani atafungua sanduku, ataona matofali, ataniita kwa jina langu lote.

Hajafungua. Hafungui mzigo.

"Najiat!" Anaita, sauti ya chini, kama hataki watu wasikie. "Mwanangu, njoo uniangalizie. Taa ya kijani imewaka? Huenda imewaka, mimi ndiye siioni."

Ya Rabi. Anadhani ni macho.

Shangazi anagonga mlango. Anasema baba yako anapapasa swichi, toka. Nimeshalifungua komeo. Kalamu bado iko mkononi na anaita tena — taa, Najiat, imewaka?