Herufi Tatu Mwishoni mwa Barua

Moonta, 12 Mei 1996

Mwanangu Kerryn,

Hujambo huko Karratha, na joto lenu, na hao wachimba chuma unaowapikia? Mimi mzima, ila goti, na masikio ndiyo hayo, simu ikilia nasikia nzi. Tuendelee na barua zetu.

Kwanza neno. Ulinipa J, Q na L, nitafute neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu, ukidhani umenikomesha. "Jonquil", mwanangu, lile ua lililo chini ya dirisha langu! Jumanne kwenye klabu yetu ya mchezo wa maneno niliwatoa wote jasho, na wala sikugusa kamusi. Anayegusa kamusi kwetu ni mwizi tu.

Dulcie wa ng'ambo ya barabara atakuandikia. Usimsikilize. Nilisahau pasti zangu za nyama ndani ya jiko, pazia likashika moto kidogo, akaja mbio na ndoo. Nani hajawahi kuunguza chakula?

Herufi zako ni G, H na X. Kazi kwako.

Mama yako

Karratha, 2 Juni

Mama mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi sijambo, mgongo tu kwa kuinua masufuria.

Dulcie ameandika kweli, kurasa nne. Anasema pazia liliteketea lote, na kesho yake ukaenda buchani na ndala za chumbani, ukanunua nyama ya kumpikia baba, ukamwambia muuza nyama kuwa mumeo Clem anakuja kula mchana. Mama, baba tulimzika zamani. Nilipofika hapo niliirudisha barua ndani ya bahasha.

Kisha nikakumbuka neno lako. Herufi zile nilizitunga mimi mwenyewe na jibu lilinihangaisha wiki nzima. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kulitoa vile. Nimemjibu Dulcie hivyo hivyo, kwamba akili za mama yangu ni timamu kuliko zake. Nadhani amenuna.

"Hexagon". Nami nakupa K, J na X, tuone.

Mwanao

Moonta, 20 Juni

Kerryn, mwanangu,

U hali gani? Yangu leo sitakuficha.

Dulcie hakuongeza chumvi. Na "jukebox" nimelipata kabla sijavuta kiti. Hilo ndilo linalonitisha. Maneno yanakuja yenyewe, na nusu yake hata maana sijui. Sisi wa klabu tumeyameza tangu usichana kwa herufi zake tu, kama watoto wanavyomeza sala. Lakini juzi nilisimama jikoni na birika mkononi, nisijue ni la kazi gani. Jana nilitoka kwenda posta nikajikuta gatini, sijui nimefikaje. Nilikaa kwenye benchi nikaogopa kumuuliza mtu njia, maana angeniuliza nakaa wapi.

Usinipime kwa maneno. Naogopa, mwanangu. Naogopa jiko, naogopa mlango, naogopa kuamka. Njoo ukae nami, hata kidogo.

Herufi zako Z, P, H.

Mama yako

Karratha, 14 Julai

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta una nafuu.

Nimemwomba bosi ruhusa, akasema kambi imejaa, hadi Septemba. Ningeweza kugombana naye. Sikugombana, na sababu nitakuambia: nami naogopa. Naogopa kufungua mlango wako nikakuta yale aliyoandika Dulcie. Nikiwa huku, kila hofu ikinishika najiambia, huyu si ndiye aliyetoa "jukebox" kabla hajavuta kiti? Basi yuko. Bado yuko.

Dulcie nimemwomba radhi. Atakufungia gesi na kukuletea chakula. Mpokee vizuri, usimtanie meno yake.

"Zephyr", ule upepo mwororo. Nakupa W, Z, T. Nijibu upesi nipate usingizi.

Mwanao

Karratha, 18 Agosti

Mama,

Salamu nyingi. Mbona kimya? Dulcie anasema unakula vizuri lakini husemi sana, na klabuni huendi tena. Achana na neno, sitaki neno. Niandikie hata mstari mmoja wa hujambo. Nimemwambia bosi akitaka anifukuze, tiketi nimeshakata. Nakuja wiki ya kwanza ya Septemba. Nimepata woga ambao sijawahi kuupata.

Mwanao

Moonta, 29 Agosti

Bibi mpendwa wa Karratha,

Natumaini wewe na jamaa zako mu wazima. Mimi sijambo, ila goti.

Nimekuta mezani barua yako ya mchezo, na uniwie radhi kwa kuchelewa. W, Z, T ni "waltz". Rahisi mno, bibi. Nami nakupa M, Q na Y, usiguse kamusi. Unacheza vizuri. Ni wa klabu gani?

Hapa nilipo napatunza vizuri. Mwanamke mmoja mwema huniletea supu. Nina woga kidogo tu, kwa kuwa sijui wenye nyumba watarudi lini, na wakinikuta sijui nitawaeleza nini.

Nina binti anayeupenda mchezo huu. Yuko huko kwenu migodini, na barua zake zimekatika. Yeye ni mpishi, mrefu, anaitwa Kerryn. Ukikutana naye, tafadhali mwambie mama yake hajamsahau.

Ni mimi,
Bi. Merle Trembath